Mume wa Kibanda cha Nyuma

Josiah Nankivell alizikwa Jumanne moja ya Januari, na Jumatano karani wa mgodi alikuwa keshafika mlangoni kumpa mjane pole. Pole yenyewe ilikuwa na mkia. Karani alivua kofia, akawatazama watoto watatu waliobanana kwenye benchi, akasema nyumba ni ya marehemu, kila mtu anajua aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, lakini ardhi ni ya mgodi, na anayeruhusiwa kukaa juu ya ardhi ya mgodi ni yule anayeshuka shimoni. Mjane angeachwa mpaka mwisho wa Machi.

"Na baada ya Machi?" Loveday, yule mjane, akauliza.

"Serikali ina nyumba ya maskini kule Adelaide, mama. Watoto hawalali njaa."

Hawalali njaa, sawa. Lakini hapakuwa na mtu pale mgodini kwetu, Wheal Tamsin, ambaye hakujua mambo ya nyumba ile. Mama analazwa upande wake, watoto wanagawiwa kwa wenye mashamba, mmoja kaskazini, mmoja kusini, na wa tatu hata hujui ameishia wapi. Mke wa Tobias Roskilly aliingia na watoto wanne akatoka na mmoja, na yule mmoja alikuwa amesahau jina la babake. Loveday alimfungia karani mlango, akaenda kusimama mbele ya lile benchi. Keziah alikuwa na miaka tisa, Hedley sita, na Honor ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Aliwashika vichwa mmoja mmoja, akaapa kimoyomoyo kwamba hao watatu watalala chini ya paa moja hata kama itambidi ajiuze. Mungu amsamehe, ndivyo alivyosema.

Basi haikupita wiki mbili, akaja Digory Trembath.

Digory alikuwa mtu wa kikundi cha Josiah huko chini. Miaka sita walipiga mwamba pamoja, na Josiah alipopatwa na homa ya matumbo, Digory ndiye aliyembeba mgongoni kutoka shimoni mpaka kitandani. Mtu wa miaka arobaini hivi, mabega kama mlango, maneno machache. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na koti la kanisani lililombana makwapani, akasimama katikati ya jiko.

"Keti, Digory."

"Nikikaa sitasema." Alikuwa analikodolea macho buli la chai. "Nimechoka kulala nyumba ya wapangaji. Wanaume chumba kizima na wote wanakoroma. Nataka paa na mtu wa kunipikia. Wewe unataka jina la mtu anayeshuka shimoni. Tufunge ndoa. Nimemaliza."

Loveday aliweka chini kisu cha viazi. "Josiah hata mwezi hajatimiza."

"Najua. Nilimbeba."

Honor alikuwa anatambaa kuelekea kwenye buti za mgeni, na mgeni akawa hathubutu kuusogeza mguu.

"Utalala wapi?" Loveday akauliza mwishowe.

"Kile kibanda cha nyuma. Nitatoa zana, nitatengeneza kitanda."

"Na watu watasema nini?"

"Watu hawalali kibandani."

"Digory, nikuambie kabisa usije ukanilaumu. Sina moyo wa kukupa. Nilikuwa nao, umezikwa Jumanne ile."

"Sijaomba moyo," Digory akasema. "Nimeomba paa."

Wakafunga ndoa wiki ya mwisho ya Machi, katika kanisa letu la Kimethodisti lenye joto la tanuri, bibi harusi na nguo yake nyeusi ileile ya matanga. Kinywa hakikosi la kusema. Wapo waliosema Josiah hajapoa, wapo waliosema afadhali. Bibi Peternell, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyezika waume wawili na aliyemwogopa Mungu peke yake, tena siku za Jumapili tu, aliwajibu wote kwa mpigo: "Kama nyinyi mnao unga wa kuwalisha wale watoto, leteni. Kama hamna, fungeni vinywa, nzi wasiingie."

Ndoa ilianza kwa aibu, na aibu yenyewe ilitoka jikoni. Sisi watu wa Cornwall kule Uingereza, hata tukivuka bahari tukaja kuchimba shaba Australia, pai la mchimbaji tunakuja nalo. Unga unakunjwa juu ya nyama, viazi na kitunguu, ukingo unasokotwa, na kwenye pembe mke anabandika herufi za jina la mumewe alizozikata kwa unga. Huko chini mapai yote yanawekwa mahali pamoja, gizani, na mtu akila nusu ya lake asubuhi, nusu nyingine inabaki na mwenyewe anajulikana. Kula pai la mwenzako ni wizi. Kula lenye herufi za maiti, hilo hata jina halijapata.

Jumatatu ya kwanza Loveday aliamka, akakanda, akajaza, akasokota, akakata herufi, akabandika, akamfungia mumewe kwenye kitambaa. Hakuwaza lolote. Aliona aibu hata ya kumtazama usoni, akampa mlangoni, akageuka.

Jumanne Bibi Peternell akaingia bila hodi, mikono kiunoni.

"Mwanangu, jana ulimpikia nani?"

"Nani mwingine? Digory."

"Digory huyu aliye hai?"

Loveday akaduwaa. Halafu akaviangalia vidole vyake, akakumbuka vilichokifanya. J na N. Miaka kumi na mmoja vimekata J na N kila alfajiri, na jana na leo havikumuuliza mtu. Alijifunika uso kwa aproni yake.

"Ngoja nikumalizie," Bibi Peternell akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini. Mjukuu wake alikuwapo huko shimoni, naye ndiye aliyemhadithia. "Mumeo amefungua kitambaa, mishumaa yote ya kofiani ikamgeukia. Wanaume wakaacha kutafuna. Mmoja akamwambia, 'Litupe hilo, Digory, hilo ni la marehemu, litakuletea balaa.' Unajua alifanya nini? Alivua kofia. Akasema, 'Josiah amenikaribisha chakula chake miaka sita. Leo ndiyo nikatae?' Akaketi, akala lote, mpaka pembe."

"Na wao?"

"Nani atacheka hapo, mwanangu? Nao wakavua kofia."

Jioni Digory aliporudi, nywele zimejaa vumbi jekundu, Loveday alikuwa anamsubiri kwenye mlango wa kibanda.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Unajua."

Digory akawa anavua buti. "Lilikuwa na nyama nyingi. Nilishangaa."

"Digory!"

"Mkono umezoea," akasema. "Utazoea tena au hautazoea, shauri yake. Njaa yangu mimi haijui kusoma."

Kesho yake Loveday alikata D na T, taratibu kama mtoto anayejifunza kuandika, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya unga. Alilia kwa sababu ya Josiah. Lakini nikisema alilia kwa sababu ya Josiah peke yake nitakuwa nawadanganya.

Maisha yakashika njia. Digory alikula mezani, akashukuru, akatoka nje kwenda kibandani kwake, na mlango wa jiko ukafungwa kwa ndani. Hedley alimfuata kama mbwa. Honor alimpanda magoti. Keziah ndiye aliyekuwa mgumu. Huyo mtoto hakupata kumwita jina lolote. Kwake alikuwa "huyo." "Mama, mwambie huyo chakula tayari." "Mama, huyo ameacha buti zake njiani." Loveday alimkaripia mara mbili tatu, na Digory akamzuia.

"Mwache. Huyo ni jina zuri tu. Akiniita naitika."

Kisha akaanza kuchimba. Kila alipotoka zamu yake, badala ya kukaa na kiko chake kama wanaume wenzake, alichukua nyundo na patasi akaenda upande wa nyuma ya nyumba, akawa anavunja ule mwamba wa chokaa. Kuchimba baada ya kuchimba! Majirani walipita wakimtania. "Digory, umeona shaba huko?" "Bwana harusi, unajichimbia kaburi?" Naye anajibu, "Mnh," anaendelea. Loveday alidhani ni shimo la choo. Aprili ikaisha, Mei ikaisha. Akalipaka shimo chokaa ndani, akaliziba juu kwa mbao nzito, akaweka mfereji wa bati kutoka kwenye paa. Lilikuwa birika la kukinga maji ya mvua.

Pale kwetu maji ndiyo yaliyotuua. Maji ya visima vile vya karibu na vyoo ndiyo yaliyomwingia Josiah, ndiyo yaliyotandaza makaburi madogo madogo nyuma ya kanisa. Mvua za Juni zikaja, zikapiga kwenye bati usiku na mchana, na siku moja ya Julai Digory akafunua kifuniko, akateka kikombe, akampa Loveday mkononi.

"Watoto wasinywe ya kisimani tena," akasema. "Hata tone. Hata wakiwa na kiu ya kufa."

Loveday alikunywa. Maji yalikuwa baridi, hayana chumvi, hayana harufu. Akamtazama yule mtu, mikono imechubuka, kucha mbili zimeng'oka, na hapo ndipo alipompenda. Sina haja ya kuzunguka. Alimpenda pale pale, kikombe mkononi, na moyo aliodhani ameuzika ukamruka kifuani hata akaogopa.

Lakini atasemaje? Masharti aliyaweka yeye mwenyewe. Mlango aliufunga yeye mwenyewe. Mwanamke wa Kimethodisti, mjane, mama wa watoto watatu, aende akamwambie mwanamume asiyeomba kitu, "Ingia"? Angekufa kwa haya. Kila jioni alimpelekea chai mpaka mlangoni pa kibanda. Kila jioni alirudi na maneno yake vilevile alivyokwenda nayo. Na Digory, jamani, Digory naye alikuwa anapokea kikombe kwa mikono miwili, anasema ahsante, anatazama miguu yake.

Wakati huo ndipo mpwa wa Kapteni Hosken alipofika kutoka Cornwall na mke mwenye mimba.

Kapteni Hosken alikuwa msimamizi wa shimo, na siku za Jumapili alikuwa kiongozi wa darasa letu kanisani, kile kikundi cha waumini wanaokutana kuombeana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na hilo ni gonjwa gumu kuliko ubaya. Mpwa wake alilala sebuleni kwake na masanduku yake yote, na mke wa Kapteni akachoka kuruka masanduku. Akawa anatembea kijijini akitafuta nyumba kwa macho. Na asubuhi moja akaona godoro la majani, godoro la mtu mmoja, limeanikwa kwenye uzio wa kile kibanda cha nyuma ya nyumba ya Loveday. Alisimama. Akahesabu vitanda kichwani. Akaenda zake nyumbani.

Jumatano Kapteni akapiga hodi.

"Dada Trembath, Jumapili hii ni siku ya kadi."

"Nakumbuka, Kapteni."

Kila miezi mitatu kiongozi wa darasa hukaa na watu wake, wanaume benchi hili na wanawake benchi lile, na kumwuliza kila mmoja mbele ya wote hali ya roho yake. Ukijibu vizuri unapewa kadi ya miezi mitatu mingine. Ukikosa, uko nje. Nyinyi wa leo mtacheka mtasema angejibu chochote tu. Kwetu mtu aliweza kusema uongo sokoni, hata kwa karani. Darasani hapana. Loveday alikaa benchi lile tangu akiwa msichana, na hakuwahi kutamka hapo neno asilolimaanisha.

"Nitakuuliza," Kapteni akasema, "kama ndoa uliyoapa madhabahuni ni ndoa. Ujiandae."

"Na nikijibu vibaya?"

Kapteni alitazama paa, akatazama birika, akatazama ukuta wa mawe. Alitazama kama mtu anayepima. "Ndoa ya kuigiza si ndoa, dada yangu. Na mgodi hautoi ardhi kwa wajane."

Alipoondoka Loveday alishika ukingo wa meza. Yakarudi yale yale ya mwezi wa Januari, nyumba ya maskini, gari la kuelekea Adelaide, Keziah huku, Hedley kule, na Honor, ambaye angesahau hata sura ya mamake.

Jioni alimwambia Digory yote, wamesimama kando ya birika ili watoto wasisikie. Digory alisikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva.

"Ipo njia nyepesi," akasema. "Nihamishie kitanda ndani leo. Jumapili hutakuwa na uongo wa kusema."

Hilo ndilo neno alilolisubiri Loveday tangu Julai. Na badala ya kusema ndiyo, kiburi kikamponza. "Nisilale na mtu kwa amri ya Kapteni Hosken!"

"Wala mimi," Digory akasema haraka. "Sikutaka iwe hivyo. Samahani." Akageuka akautazama mwamba. Kisha akasema tena, polepole, "Basi iko nyingine. Nitasema kasoro ni yangu. Nitasema mimi si mwanamume kamili. Ndoa itakuwa ndoa, wewe hutakuwa na hatia, na hakuna atakayekugusa."

"Una kichaa? Watakucheka mpaka unazikwa. Huko shimoni watakutungia nyimbo."

"Waache waimbe. Watoto watakuwa wamelala kwao."

"Nakukataza, Digory."

"Umenikataza mengi na nimeshika yote," akasema. "Hili sitalishika." Akaingia kibandani, na safari hii yeye ndiye aliyefunga mlango.

Jumapili alasiri darasa likajaa kuliko siku zote. Habari ilikuwa imetembea, na watu ambao huwa wanaumwa vichwa siku ya kadi, siku hiyo wote wazima. Mke wa Kapteni alikaa mbele. Mpwa wa Kapteni alikaa upande wa wanaume, kijana wa watu, anaona haya hata ya kuvuta pumzi. Wakaimba. Wakaomba. Kapteni akaanza na wanaume, kama ilivyo desturi.

"Ndugu Trembath. Hali ya roho yako?"

Digory akasimama. Loveday aliona shingo yake imekuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Nina la kusema kabla hujafika benchi la wanawake," akasema. "Yapo maneno kuhusu nyumba yangu. Nalala kibandani, ni kweli. Mke wangu hana kosa. Aliapa kwa haki. Upungufu ni wangu mimi. Mimi si..." Akaanza upya. "Mimi si mwanamume kamili. Ndiyo hivyo."

Kutoka benchi la nyuma mtu akakohoa kikohozi ambacho si kikohozi, na mwingine akakidakia, na mabega ya wanaume yakaanza kutikisika. Wanaume wale wale waliovua kofia! Digory alibaki amesimama, mikono imening'inia, anatazama mbele. Kapteni Hosken akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa jibu asilolitegemea. Jibu lilikuwa limetosha. Nyumba ilikuwa imepona. Loveday alihitaji kufanya jambo moja tu, kunyamaza.

Na alijaribu. Nasema kweli, alijaribu. Aliwafikiria wale watatu, akajibana kwenye benchi, akashika kitabu cha nyimbo kwa mikono yote miwili. Bibi Peternell aliyekaa kando yake akamkanyaga mguu, maana yake kaa kimya, mwanangu, kaa kimya. Kikohozi kikatoka tena nyuma. Loveday akasimama.

"Dada Trembath, zamu yako haijafika," Kapteni akasema.

"Imefika, Kapteni. Mume wangu amesema uongo darasani, na sijapata kumsikia akisema mwingine." Akakiweka chini kitabu cha nyimbo. "Hana upungufu. Mimi ndiye niliyemweka kibandani. Nilimwambia sina moyo wa kumpa, nikamfungia mlango, akalala na majembe. Niliolewa ili watoto wangu wasigawiwe kama vifaranga. Nilisimama pale madhabahuni nikaapa kiapo cha mke, na kichwani mwangu mlikuwa na paa tu. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ni yangu peke yangu. Huyu ameshika kila neno. Amekula chakula chenye jina la mtu mwingine asiseme. Amewachimbia watoto wa mtu mwingine maji mpaka kucha zikamtoka."

"Loveday," Digory akasema kwa sauti ndogo, "kaa."

"Sikai. Mmeniuliza hali ya roho yangu. Hali ya roho yangu ni kwamba nampenda. Tangu Julai nampenda, nampelekea chai kila jioni nataka kumwambia aingie ndani, na mdomo unafungika. Sasa umefunguka mbele yenu wote, mnisamehe." Akamgeukia Kapteni. "Kama ndoa ile haikuwa ndoa, basi haikuwa. Chukua nyumba, Kapteni. Mpe mpwa wako, maana naona mkewe amekaribia kujifungua."

Lo! Mke wa Kapteni aliinama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikudondoka. Yule mpwa akajifunika uso. Na Kapteni Hosken, mtu aliyezoea kuwa sahihi, alibadilika rangi, kwa sababu sasa kila jicho mle ndani lilikuwa limeuona ule mpango ambao nadhani hata yeye alikuwa hajaukubali moyoni mwake. Alizipanga upya kadi zilizokuwa mkononi.

"Ndugu Trembath hapati kadi," akasema mwishowe. "Amesema uongo darasani. Dada Trembath hapati kadi. Ameapa nusu kiapo. Mtakaa nje miezi mitatu, halafu mje tuwaulize tena." Akapangusa kipaji cha uso. "Kuhusu nyumba, mimi hapa nauliza habari za roho. Nyumba haikuwa swali la darasa, na mimi ndiye niliyekosea kuziweka pamoja. Mungu anisamehe. Tuimbe."

"Amina," Bibi Peternell akasema, kwa sauti ya kuvunja dirisha, kabla mtu mwingine hajapata ufunguo wa wimbo.

Waliondoka wakati wengine wanaimba, kwa kuwa waliotolewa hawabaki. Nje upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la mgodi. Walitembea bila kushikana, hatua moja kati yao, mpaka walipoipita kona ya jengo la mashine ya mgodi.

"Umeniharibia uongo wangu," Digory akasema. "Niliufanyia mazoezi siku nne."

"Ulikuwa uongo mbaya."

"Ulikuwa unafanya kazi."

"Ndiyo maana ulikuwa mbaya." Loveday akasimama katikati ya njia. "Digory, mbona hunijibu? Nimesema mbele ya kijiji kizima, na wewe hujanijibu."

Digory alivua kofia, akaigeuza geuza, akaivaa tena. "Mimi niliomba paa," akasema, "kwa sababu ningeomba kile nilichokitaka ungenifukuza." Alimshika mkono, wakaendelea na njia.

Walipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamevaa makoti, wamefunga kamba za kofia kidevuni. Honor alikuwa amelala begani kwa Hedley. Mbele yao, sakafuni, palikuwa na mafurushi. Keziah alikuwa amesikia yote Jumatano ile kupitia dirishani, na hakumwambia mtu. Aliwasubiri watoke kwenda darasani, akafunga kila kitu peke yake.

"Tunaondoka sasa hivi au kesho?" akauliza. Alikuwa halii. Alikuwa amemaliza.

"Hatuondoki, mwanangu," Loveday akasema, akapiga magoti pale pale. "Hatuondoki. Tumeachiwa."

Keziah alimtazama kana kwamba hajui kama aamini. Loveday akaanza kufungua mafurushi ili aone kwa macho. La kwanza lilikuwa nguo za Honor. La pili la Hedley, na buti zake za zamani. La tatu la Keziah mwenyewe na kitana cha mamake. La nne lilikuwa kubwa kuliko yote, limefungwa mafundo mengi, na Loveday alipolifungua alikuta ndani shati la zamu, wembe, kiko, na lile blanketi la kibandani, limekunjwa vizuri.

Loveday aliinua macho. "Keziah, haya ni ya nani?"

"Ni ya huyo," Keziah akasema, na sasa ndipo midomo ilipoanza kumtetemeka. "Nyinyi mlisema wanatugawa. Nikasema nimfungie na yeye, asiachwe peke yake."

Digory alikuwa bado amesimama mlangoni. Alijaribu kusema kitu, hakikutoka, akakaa chini kwenye kizingiti na koti lake la kanisani, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya watoto. Keziah akashuka kwenye benchi, akachukua lile blanketi, akalipeleka chumbani kwa mamake, akaliweka juu ya kitanda.